Duara la Wati Kumi na Tano

Fomu ilikuwa na kipengele cha kina cha shimo, na Ambokile Mwasanguti, afisa migodi wa wilaya, hakuwa mtu wa kuruka kipengele. Saa tatu asubuhi alikuwa amesimama katikati ya jiko la Tusekile, kofia ngumu kichwani, futi ya chuma mkononi, buti zimejaa vumbi jekundu la Lwika, anaikagua sakafu ya saruji kona hadi kona. Shimo hakuliona. Aliona meza, na juu ya meza kichanja cha waya kilichobeba sufuria ya unga wa maandazi, na chini ya kichanja kidude cheusi, kikubwa kidogo tu kuliko kiganja, chenye feni inayovuma na kioo kinachomwaga tarakimu.

“Mama, shimo liko wapi?”

“Hilo hapo, baba. Angalia usitumbukie.”

Nyuma ya afisa alisimama Hobokela, mwakilishi wa kampuni iitwayo Bwawa, mwanamke nadhifu wa miaka arobaini hivi, aliyekuja Lwika na viatu vyeupe kwa kuwa hajawahi kufika Lwika. Hakucheka. Ambokile naye hakucheka. Aliinama, akalaza futi ubavuni mwa kidude.

“Urefu, sentimita kumi na mbili. Upana, kumi. Kina?”

“Sifuri.”

“Miaka kumi na moja unachimba, mama, na kina ni sifuri?”

“Sifuri kabisa. Ndivyo kinavyochimba.”

Naomba msomaji asimcheke afisa wa watu. Kosa halikuwa lake. Serikali ilipotangaza kwamba kila kifaa cha kuchimba bitkoini nyumbani kiandikishwe, Tusekile alipanga foleni ofisi ya kata, akajaza karatasi kwa mwandiko wake mzuri wa darasa la saba. Shughuli ya kifaa: kuchimba. Ukubwa wa shughuli: mdogo. Sasa mashine inayosoma fomu pale wilayani ilikuwa haijawahi kulishwa kitu kingine zaidi ya karatasi za watu wa dhahabu, na kwake yeye mtu anayechimba kidogo ni mchimbaji mdogo, basi, mjadala umekwisha. Wiki mbili baadaye Tusekile akaletewa leseni yenye muhuri: Duara Namba 4417. Duara, kwa lugha ya machimboni, ndilo shimo la kushukia. Ikaambatana na agizo la kuvaa kofia ngumu na kujenga choo mita thelathini kutoka mdomo wa duara. Tusekile alicheka mpaka akatoka machozi. Halafu akaitundika leseni ukutani, juu ya kidude, akasema duara lenye adabu huonyesha leseni yake.

Miaka ikapita, watu wakasahau. Kisha ikaja sheria mpya: kifaa chochote cha kuchimba bitkoini ambacho hakijaunganishwa na Bwawa, kampuni inayokusanya vidude vya watu vichimbe pamoja, kifungwe kwa lakiri. Na lakiri, ilisema sheria, itapigwa na ofisi ambayo kifaa kimo kwenye rejista yake. Ndiyo maana Hobokela wa Bwawa, aliyezoea kufunga vidude hamsini kwa siku kule mjini na mtu wa ofisi ya umeme, safari hii alilazimika kumkokota afisa migodi, na afisa migodi akaja na kofia ngumu.

“Aina ya mwamba?” Ambokile aliuliza.

“Hesabu,” Tusekile alisema.

Ambokile aliinua macho kutoka kwenye karatasi. Alikuwa mtu mzima wa haki, tatizo lake lilikuwa moja tu: alipenda kuelewa anachokiandika. “Nieleze vizuri, mama. Nimekulia kwenye makarasha ya kusagia mawe, dhahabu naijua. Hii siijui.”

Basi Tusekile akamweleza, huku anaufunua unga na kuubonyeza kwa kidole kuona kama umeumuka.

“Daftari unalijua. Ile siku mafaili yote ya nchi yalipofutika, mahakama zikakosa pa kushika, wakaamua kwamba kuzaliwa, ndoa, kifo, kiwanja, hakuna kinachosimama mpaka kipigiliwe kwenye Daftari la bitkoini, kwa sababu lile halifutiki. Sasa kila dakika kumi linafunguka ukurasa mmoja mpya. Nani auandike? Yule atakayebahatisha namba. Unachukua ukurasa, unaongeza namba yoyote chini yake, unavikoroga pamoja kwa kanuni ileile dunia nzima. Inatoka namba nyingine ndefu, haina kichwa wala miguu. Ikianza na sifuri za kutosha, ukurasa wako. Isipoanza, tupa, weka namba nyingine, koroga. Hiki kidude kinakoroga mara trilioni moja na ushee kila sekunde, kwa wati kumi na tano, umeme wa paneli ile pale kwenye bati.”

“Trilioni!” Ambokile alisema. “Na umefika wapi?”

“Hakuna kufika. Mkorogo wa leo hauna habari na wa jana. Kila mara ni mara ya kwanza. Sisogei, baba, hata unywele. Ndiyo maana nikakwambia sifuri.”

Ambokile aliandika sifuri, akaonekana kuridhika, maana sifuri nayo ni namba.

“Mwambie na uwezekano wake, mama yangu,” alisema Hobokela.

“Mwambie wewe, ndiye uliyekuja na suti.”

“Kwa wastani, afisa, kidude hiki peke yake kitapata ukurasa mmoja katika miaka elfu kumi na sita.”

“Au leo saa nane mchana,” Tusekile alisema. “Usimfiche.”

*

Hobokela alimwomba afisa atoke nje akapime umbali wa choo. Ambokile alitoka na futi yake bila kinyongo, kwani kipengele cha choo kilikuwepo kweli. Wanawake wawili wakabaki na mvumo wa feni.

Pembeni ya kidude palisimama kipande cha mti, urefu wa mkono, kimekatwa kwa msumeno juu na chini. Kilikuwa kimefungwa vitambaa vitatu vilivyopauka: kimoja cha kanga, kimoja cha kaki, kimoja cha kitambaa cha meza chenye mirabaraba myekundu. Hobokela alinyoosha kidole kukigusa.

“Acha!” Tusekile alisema, kwa sauti iliyomrudisha Hobokela nyuma hatua nzima. “Hakifunguliwi na mtu mwingine.”

Na hapa ndipo palipo na habari yote, wala haina urefu. Tusekile alikuwa mshika kamba. Miaka kumi na tisa alisimama kwenye winchi ya duara kubwa la kampuni ya Mwamba Mmoja, anashusha watu na kupandisha watu. Pale Lwika kila anayeshuka hufunga kitambaa chake kwenye mti wa winchi, na akipanda hukifungua mwenyewe, kwa mkono wake. Mshika kamba haondoki wakati mti una kitambaa. Njaa ikuume, mvua ikupige, mtoto alie nyumbani, huondoki. Hakuna aliyeandika hilo popote, ila mtu angeondoka, asingeshika kamba tena Lwika wala asingepewa chumvi ya kuazima.

Siku ile walishuka tisa. Tusekile alivihesabu vitambaa kama alivyovihesabu siku zote. Saa sita mchana ardhi ikakaa chini, duara likaporomoka. Walitolewa sita, wamekufa. Kampuni ikasema: ndio hao, orodha yetu ina sita, wa zamu ya ziada hatukuwahi kuwaandika. Na hao watatu unaosema, mama, walitoroka asubuhi ileile na kiroba cha mawe ya dhahabu. Kesho yake karatasi zikabandikwa ofisi ya kata, herufi kubwa: WANATAFUTWA.

Wa kwanza alikuwa Lwitiko Mwambene, mume wake. Wa pili Jilala Masunga, kijana aliyetoka Usukumani, anayeimba akiwa chini mpaka wa juu wanasikia. Wa tatu alikuwa na siku nne tu Lwika. Kila aliyekutana naye alimwomba kiberiti, na wala havuti sigara, alitaka njiti ya kuchokolea meno. Wakamwita Kiberiti. Jina lake la nyumbani hakuna aliyemuuliza. Asubuhi ile alimwambia Tusekile, “Dada, kamba yako imara?” naye akamjibu, “Kuliko shingo yako.” Kiberiti akacheka, akafunga kitambaa chake cha mirabaraba, akashuka.

Tusekile alikwenda mahakamani. Mahakama ikamwambia: vifo hivyo vipigiliwe kwenye Daftari kwanza, ndipo tuamuru duara lifukuliwe. Akaandika tangazo la majina matatu, akalituma. Kampuni ikaweka zuio. Na Mabwawa yote makubwa, yanayokusanya vidude vya watu na kuandika kurasa kwa niaba yao, huheshimu kila zuio. Tangazo likabaki linaelea, miaka kumi na moja, hakuna ukurasa unaolipokea.

Ila anayechimba peke yake huchagua mwenyewe cha kuweka kwenye ukurasa wake. Hilo Tusekile aliligundua katika kile kidude ambacho Lwitiko alikinunua kwa kujifurahisha tu, kama wenzake wanavyofuga njiwa. Jioni Lwitiko alikuwa anakifuta vumbi, anakibadilishia feni, anawaonyesha wageni tarakimu: jamani, leo nimekaribia! Tusekile alikuwa anamtania, “Mume wangu, unachimba wapi na hujachafuka?” Alipokufa, Tusekile akajifunza kukifungua na kukifunga. Akayaweka majina matatu kwenye ukurasa wake. Tangu hapo kila mkorogo una majina yale ndani. Trilioni moja na ushee kila sekunde.

*

“Mama yangu, nakuheshimu, kwa hiyo sitazunguka,” Hobokela alisema. Alikuwa amekaa, vile viatu vyeupe amevivuta chini ya kiti. “Nimeongea na Mwamba Mmoja. Wako tayari kuondoa zuio kwa jina moja. Lwitiko Mwambene. Leo hii, mbele yako, Bwawa linampigilia kwenye ukurasa. Unakuwa mjane kwa sheria. Mume wako si mwizi tena. Wanalifukua duara, unamzika.”

Tusekile alishika ukingo wa meza. Akaona aibu kwamba huyu mwanamke amemwona.

“Na mimi nifanye nini?”

“Unajiunga na Bwawa. Na unasaini hii.” Hobokela alisogeza kibao chake cha kioo. Maandishi yalikuwa mistari miwili. *Mimi, mshika kamba wa siku ile, nathibitisha kwamba aliyebaki ndani ya duara ni Lwitiko Mwambene peke yake.*

Tusekile alisoma, akasoma tena. “Peke yake.”

“Ni neno la wanasheria.”

“Ni neno la Kiswahili, mwanangu. Nalijua.”

“Mama, hao wengine wawili nani anawaulizia? Mmoja, mama yake alishafariki. Mwingine hata jina hana. Wewe ukikataa, wanapata nini? Hakuna. Wewe unapata nini? Hakuna. Afisa anafunga kidude, tangazo linaelea milele, na mume wako anabaki na karatasi ile ya wanaotafutwa, ukutani kwa kata. Ukikubali, angalau mmoja anatoka.” Sauti yake sasa haikuwa ya kazini. “Mimi nisingekataa. Nakwambia kweli.”

Hilo ndilo lililomuuma Tusekile, kwamba mwanamke huyu hakuwa anadanganya.

Aliomba nafasi ya kuchoma maandazi. Akabandika karai, akamimina mafuta, na wakati yanapata moto akampigia binti yake Bupe, anayeishi Vwawa na wanawe wawili. Alimweleza yote, kwa sauti ya chini, mgongo amempa mgeni.

Bupe hakungoja amalize. “Saini, mama.”

“Bupe.”

“Saini! Wiki iliyopita mwanangu Anyosisye amerudi kutoka shule shati limechanika. Wamemwambia babu yako mwizi wa viroba. Ana miaka minane, mama. Baba yetu alale mahali tunapopajua, mimi niende nikapalilie. Hilo tu ndilo ninalolitaka. Miaka kumi na moja! Hao wengine nawaonea huruma, Mungu shahidi, lakini si baba zangu.”

“Najua si baba zako.”

“Basi?”

“Basi mimi ndiye niliyewashusha,” Tusekile alisema.

Upande wa pili Bupe alianza kulia, na Tusekile akalia pia, pale pale mbele ya karai, bila kujificha, machozi yanachanganyika na mvuke. Alimtamani Lwitiko. Alitamani kumzika kwa namna mtu anavyotamani maji. Angeweza kuweka kidole kwenye kile kioo, na jioni angekuwa mjane kama wajane wengine, na Jilala na Kiberiti wangekuwa wezi kwa ushahidi wa mshika kamba wao, mtu wa mwisho kuongea nao juu ya ardhi. Alimwona Kiberiti anacheka, njiti mdomoni.

“Mwanangu, nisamehe,” alisema, akakata simu. Akachoma maandazi yote, taratibu, asiunguze hata moja. Akayapanga kwenye sinia. Kisha akageuka.

“Nenda kawaambie ng'o,” alimwambia Hobokela. “Wakiuliza maana yake, waambie: walishuka watatu, na kamba yangu haina peke yake.”

*

Ambokile aliporudi ndani alikuta sura zimebadilika. Choo kilikuwa mita thelathini na mbili, alitangaza, kwa hiyo hapo hakuna tatizo.

“Funga kifaa, afisa,” Hobokela alisema, amesimama. “Mama amekataa kujiunga.”

Ambokile alivua kofia, akajikuna kipara, akaivaa tena. Alitoa waya mwekundu na kipande cha risasi cha lakiri kwenye begi lake. “Pole, mama. Sheria ndiyo hiyo. Naomba ukizime mwenyewe, nisije nikakiharibu.”

“Kuzima sizimi. Unafunga kama nini?”

“Kama nini vipi?”

“Unakifunga kama kidude cha jikoni, au unakifunga kama duara?”

Ambokile alitazama karatasi yake. “Duara Namba 4417.”

“Haya. Kwa hiyo ni duara.”

“Mama, mimi na wewe tunajua hiki si duara,” alisema Ambokile, kwa upole wa mtu anayeona anakopelekwa lakini hajaona njia ya kugeukia.

“Mimi nilisema? Ofisi yako ndiyo iliyosema, ikapiga na muhuri, iko ukutani hapo. Kama si duara, hakimo kwenye rejista yako, na kama hakimo kwenye rejista yako, hiyo lakiri yako haina kazi hapa, chukua andazi uende zako. Kama ni duara, baba, nisomee kanuni ya tisa.”

Ambokile hakuhitaji kufungua kitabu. Wala Tusekile hakuhitaji, maana kila mshika kamba aliimbishwa kanuni ya tisa siku ya kwanza kazini. Wakaisema wote wawili, yeye kwa sauti ya kazi na Tusekile amesimama wima, mikono ameshusha pembeni:

“Duara halitafungwa, kwa sababu yoyote ile, iwapo mtu aliyeingia hajatoka wala kutolewa. Afisa ataandika majina ya waliomo kama yatakavyotajwa na mshika kamba, na nakala itapelekwa kwa kikosi cha uokoaji ndani ya siku moja.”

“Basi mimi mshika kamba nakwambia kuna watu watatu ndani,” Tusekile alisema.

“Thubutu!” Hobokela aliropoka. “Ndani ya kile kidude?”

“Majina yao yamo humo. Yameingia miaka kumi na moja iliyopita na hayajatoka. Yako kwenye kila mkorogo, muulize mtaalamu wenu yeyote akifungue aone.”

“Mama,” alisema Ambokile, “majina si watu.”

“Kwenye fomu yako je?” Tusekile alimsogelea, na sasa alikuwa amekasirika kweli, hasira ya miaka yote ile imempanda mpaka kwenye nywele. “Kwenye fomu yako mtu ni nini zaidi ya jina? Mume wangu alishuka na mwili mzima, kilo sabini na mbili, na kitambaa chake hicho hapo. Wakasema hayumo kwa sababu jina halimo kwenye karatasi. Nikaja na mashahidi, mkaniuliza karatasi. Nikaja na karatasi, mkaniuliza Daftari. Haya, leo nina karatasi yenu wenyewe, yenye muhuri wenu wenyewe, na kipengele chenye nafasi ya majina. Utaandika, au utaniambia na wewe kwamba hawamo?”

Feni ilivuma. Ambokile alikitazama kile kipande cha mti. Akaishusha karatasi mezani.

“Hivi ni vitambaa vyenyewe?” aliuliza.

“Vyenyewe. Niliukata mti wa winchi kwa msumeno kabla kampuni haijauchoma.”

“Afisa, hiki ni kichekesho,” Hobokela alisema. “Ni kosa la mashine ya kusoma fomu. Nitapiga simu wilayani sasa hivi.”

“Piga, bibie. Kosa likifutwa, nitapata barua, na barua itachukua muda wake.” Ambokile alivuta kiti, akakaa, akaondoa kofia na kuiweka magotini. “Ila mpaka hapo ni duara, na lakiri siipigi juu ya watu. Hiyo sijawahi kufanya na sitaanza leo.” Akarudisha waya mwekundu kwenye begi. Akatoa fomu ya uokoaji, akafungua kalamu. “Waliomo ndani, idadi?”

“Watatu.”

“Wa kwanza.”

Tusekile aliitazama ile kalamu. Alikuwa ameyasema majina haya mbele ya makarani, mawakili, maaskari, na wote walikuwa wamemtazama bila kushika kalamu. Huyu alikuwa ameshika, anangoja.

“Lwitiko Mwambene,” alisema.

Kalamu ikaandika. Mwandiko wa Ambokile ulikuwa wa polepole, wa kubonyeza sana, kwa sababu chini palikuwa na nakala tatu.

“Wa pili.”

“Jilala Masunga.”

“Wa tatu.”

“Kiberiti.”

“Jina kamili?”

“Silijui. Alikuwa na siku nne. Sikumuuliza, baba, na sitajisamehe.”

Kalamu ilisimama hewani. Hobokela, simu sikioni ikiita bila kupokelewa, alimtazama afisa aone atafanyaje, kwa maana mtu huyu haruki kipengele. Ambokile alifikiri. Kisha akaandika *Kiberiti*, na penye nafasi ya ukoo akaandika *wa Lwika*, akapiga mstari chini.

“Hali ya waliomo,” alisoma kwa sauti, na hapo akasita mwenyewe, kwani fomu ya zamani ya uokoaji ilikuwa na neno moja tu lililochapwa tayari. Akaigeuza karatasi ili Tusekile aione. Mbele ya kila jina, herufi ndogo nyeusi: *anatafutwa*.

Tusekile alilisoma mara tatu, jina kwa jina. Lilikuwa neno lile lile la ukutani ofisi ya kata. Aliweka kiganja mdomoni na mabega yakamtikisika, na ikamchukua Ambokile muda kujua kwamba mama huyu anacheka.

“Nakala moja kwa kikosi cha uokoaji,” Ambokile alisema, anakohoa. “Moja kwa mwenye duara la jirani, ambaye kwa ramani yangu ni Mwamba Mmoja. Na moja inabandikwa ofisi ya kata.”

“Waibandike juu ya ile nyingine.”

“Nitaibandika mwenyewe.”

Hobokela alikata simu. Alisimama mlangoni, hajui aende wapi na viatu vyake. Halafu akauliza, na swali lilikuwa la kweli, “Na hili duara litakaa wazi mpaka lini?”

“Mpaka watoke,” Tusekile alisema. “Chukua andazi, mwanangu, una njia ndefu.”

Akachukua. Nje paneli ilikuwa imepata jua kamili, na feni ya kidude ikapandisha sauti. Tusekile alirudisha unga uliobaki juu ya kichanja, akauzungushia kitambaa usipigwe na upepo.

Ulibaki mstari mmoja, chini kabisa ya fomu: saini na kazi ya mtoa taarifa. Miaka kumi na moja, kila ofisi ilipomfikisha kwenye mstari kama huo, karani alimwambia hawezi kujiandika mjane kwa kuwa hana cheti cha kifo, basi aandike mke wa mtoro, naye aliacha wazi. Leo alichukua kalamu ya Ambokile, akaishika kwa vidole vyenye mafuta, akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa darasa la saba: *Mshika kamba. Yupo kazini.*